Wasamehewa wa Ihangalilo

Mkuu wa shule alikuwa anamsubiri getini, na hilo peke yake lilimtia Mwamvita Kasanda shaka. Katika miaka tisa ya kukagua bangili hakuwahi kuona mkuu wa shule anayesimama getini saa moja kasorobo asubuhi kumpokea mkaguzi, tena kwenye ukungu wa Julai, ameshika mwavuli usio na kazi kwa sababu mvua haikuwa ikinyesha.

"Kamwene, mkaguzi! Karibu sana Ihangalilo. Mimi ndiye Luvanda," alisema, akamwamkia kwa mikono miwili. "Huku kwetu Makete baridi haina adabu. Twende upate chai kwanza. Viazi vya kuchoma vipo, moto moto."

"Asante, Mkuu. Chai baadaye. Ningependa kuwaona Kidato cha Tatu kabla kipindi cha kwanza hakijaanza."

Luvanda aliufunga mwavuli, akaufungua, akaufunga tena. "Sawa. Sawa kabisa. Hatuna la kuficha."

Hakuna aliyekuwa amesema wanaficha kitu.

Mwamvita alitumwa na Ofisi ya Utulivu wa Wanafunzi, na maneno ya bosi wake, Bwana Nkungu, alikuwa nayo kichwani tangu Dodoma. "Ihangalilo ina watoto sitini na wanne Kidato cha Tatu. Ishirini na watatu wamesamehewa hisabati. Shule za mikoa mingine zina wawili, watatu. Hao wamejifunza ujanja. Nenda ukauone, uuandike, urudi."

Ujanja aliujua wote. Tangu sheria ya msamaha ilipopitishwa, kila mwanafunzi wa sekondari alivaa bangili ya kijivu mkononi na pete nyembamba kidoleni. Bangili ilihesabu mapigo ya moyo na kuonja jasho. Pete ilipima joto la kidole, kwa sababu mtu akiogopa damu hukimbia kutoka vidoleni, mikono ikapoa. Vitu hivyo vitatu vilichanganywa vikawa mstari mmoja kwenye kishikwambi cha mkaguzi. Mtoto aliyevuka alama nyekundu mara sita kwa muhula katika somo moja, alisamehewa somo hilo. Hakuulizwa. Mzazi alipelekewa ujumbe wa pole na pongezi kwa pamoja. Wapo waliotafuna pilipili kabla ya kipindi, wapo waliobana pumzi, na kule Kahama kijana mmoja alimvalisha jogoo bangili yake mpaka jogoo akasamehewa Historia.

Lakini Mwamvita hakuichukia bangili kwa sababu ya wajanja. Aliiamini kama mtu anavyoiamini chanjo iliyomwokoa mdogo wake. Alipokuwa darasa la tano, Tabora, zama za fimbo, alisimamishwa ubaoni ajumlishe sehemu, mwalimu yuko nyuma yake anapiga fimbo kwenye suruali yake mwenyewe polepole, na Mwamvita akajikojolea mbele ya watoto sabini. Hakumsimulia mtu. Alipokua akatafuta kazi ambayo ingehakikisha hakuna mtoto mwingine anayesimama pale.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Nkungu hakulitaja kwa kuwa kila mtu alilijua. Alama za msamehewa haziingii kwenye wastani wa shule. Miaka minne nyuma Ihangalilo ilikuwa ya mwisho wilayani. Sasa ilikuwa ya tatu.

*

Mwalimu wa hisabati aliitwa Obeti Mbilinyi, mzee wa koti refu aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Alimtazama Mwamvita akiketi nyuma ya darasa, hakumkaribisha, akaanza kufundisha kwa sauti kubwa mno. Darasa lilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja na madawati mengi matupu, lakini mzee alipaza sauti kama anayeongea na watu walio ng'ambo ya mto.

"Namba witiri! Moja, tatu, tano, saba! Mmesikia? Nasema witiri!"

Mbona anapiga kelele, Mwamvita alijiuliza. Akaandika hilo.

Kwenye kishikwambi mistari arobaini na mmoja ilitambaa. Mingine ilipanda ikakaribia nyekundu, ikashuka. Alimchunguza kila aliyepanda. Hakuna mdomo uliotafuna, hakuna kifua kilichobana pumzi. Watoto walikuwa wakipuliza vidole na kuvificha kwapani, wakiandika, wakipuliza tena. Madirisha mawili ya upande wa mashariki hayakuwa na vioo.

Kisha kishikwambi kikatetemeka. Mstari mmoja ulikuwa umevuka nyekundu na bado unapanda. Namba ya bangili haikuwa ya mtu yeyote mle darasani. Ilikuwa inatoka chumba cha pili.

Chumba cha pili ndicho walimokaa wasamehewa wakati wa hisabati. Kiliitwa Chumba cha Stadi, na kilitengwa na darasa kwa ukuta wa mbao tu. Mwamvita aliingia bila kubisha, akitegemea kukuta watu wanarushiana bangili. Alichokikuta ni watoto wanapanda miche ya misonobari kwenye viriba vya nailoni, wengine wanafuma masweta, wanacheka. Kicheko kilikuwa cha kweli. Kijana mrefu mwenye udongo mpaka kwenye viwiko alisimama, akamwamkia.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Gaudensi. Madam, msiturudishe." Alilisema kama amelibeba muda mrefu. "Mimi nilikuwa natapika kila Jumatatu kabla ya hisabati. Mama alidhani nina vidonda vya tumbo. Sasa sitapiki."

Mwamvita aliitikia kwa kichwa, lakini jicho lake lilikwisha kwenda kwenye kona. Msichana mmoja alikuwa ameketi peke yake, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa mbao, trei ya miche mapajani, macho ameyafumba. Alikuwa anasikiliza. Aliposikia hatua alifumbua macho na kusukuma kitu chini ya trei.

"Nipe."

"Ni takataka, Madam."

"Nipe hiyo takataka."

Ilikuwa karatasi iliyojaa nukta, zimepangwa mraba ndani ya mraba, na pembeni yake namba, mpaka mwisho wa ukurasa, mpaka nyuma ya ukurasa.

*

Msichana aliitwa Ezelina Tweve, miaka kumi na sita. Mwamvita alimpeleka stoo ya majembe, akafunga mlango.

"Nani amekufundisha kuchezea bangili?"

"Hakuna, Madam."

"Imevuka mara tatu asubuhi hii. Mle mnapanda misonobari. Msonobari unakutisha?"

Ezelina alikuwa anaitazama karatasi kama mtu anayeona barua yake ikisomwa na mwingine. "Mtaandika kwamba nimejidhuru?"

Sheria ndivyo ilivyosema. Msamehewa akikutwa anafanya somo alilosamehewa, huandikwa kuwa amejidhuru, na mzazi huitwa. Mwamvita alishaandika kumi na moja kama hao, na hakumkumbuka hata mmoja kwa sura.

"Kwanza niambie hii ni nini."

"Miche." Ezelina alisogea kidogo. "Nilikuwa napanga viriba kwenye trei. Ukiweka kimoja, ukaongeza vitatu kwenye pande mbili, unapata mraba. Ukaongeza vitano, mraba tena. Vile vile saba. Nikasema labda itakwama mbele. Nikaendelea kwenye karatasi mpaka witiri ya arobaini. Haikwami, Madam. Na leo Mwalimu kaanza kuzitaja hizo hizo witiri kule ng'ambo."

"Nani alikuambia hayo ya mraba?"

"Viriba."

Mwamvita alimtazama. Alikuwa amezoea kusikia uongo wa watoto na aliujua unavyotembea. Huja na maelezo mengi. Huyu alikuwa anatoa neno moja moja, kama anayeogopa kukutwa na mengine.

"Ukifanya hivi unajisikiaje?"

"Vibaya." Akafikiri. "Moyo unakwenda mbio, tumbo linakuwa jepesi. Kama unakimbia kushuka mteremko wa kwetu, miguu inakutangulia, huwezi tena kusimama."

"Na unataka kusimama?"

"Sitaki." Kisha, haraka, kama mtu aliyejisaliti: "Ndiyo hofu yenyewe, Madam. Tulielezwa siku ya kusamehewa. Moyo kwenda mbio, tumbo kuwa jepesi, kushindwa kuacha kufikiria. Mimi nilikuwa sijui jina lake mpaka nilipoambiwa."

"Kabla ya hapo ulikuwa unaiitaje?"

"Sikuwa naiita kitu," alisema.

Mwamvita alimvua bangili na pete. "Nabaki navyo nikavichunguze. Rudi kwa wenzako." Na karatasi akamrudishia, jambo ambalo hakulielewa mwenyewe kwa nini alilifanya.

*

Bado aliamini kuna mchezo. Aliifungua bangili kwa bisibisi ndogo, akatafuta waya uliokatwa au betri iliyochokonolewa. Ilikuwa nzima. Pete pia nzima. Basi akaivaa mwenyewe, akatoka nje kwenye ukungu, akapanda ngazi kumi na mbili za ukumbi kwa mwendo wa kawaida, akasimama. Hakuwa anafikiria hesabu yoyote. Alikuwa anafikiria viazi vya kuchoma.

Mstari ulivuka nyekundu.

Alishuka, akapumzika mpaka moyo ukatulia, akarudia. Nyekundu. Akaenda jikoni, akasogea karibu na moto wa kuni mpaka vidole vikalegea, akapanda na kushuka kwenye kigoda mara kumi na mbili, wapishi wawili wakimtazama na kuguniana. Moyo ulienda kasi ile ile. Mstari ulibaki kijani. Akatoka tena nje, ukungu ukamgonga vidole, na kabla hajafika ngazi ya sita kishikwambi kikatetemeka.

Aliketi kwenye ngazi. Alikumbuka mafunzo ya mwaka wa kwanza, ukumbi wenye feni, mtaalamu akisema kwa fahari kwamba pete ilirekebishwa kwa watoto elfu mbili. Watoto elfu mbili wa wapi? Wa pwani. Moyo wa mtoto hukimbia akiogopa, na hukimbia vile vile akilipenda jambo. Jasho ni hivyo hivyo. Kitu pekee kilichotofautisha ni vidole: vya mwoga hupoa, vya mwenye shauku hubaki na joto. Lakini saa moja na nusu asubuhi Makete, kwenye nyuzi sita, kila kidole ni cha mwoga.

Mwalimu Mbilinyi alikuwa amesimama nyuma ya tangi la maji, anamwangalia. Haikujulikana tangu saa ngapi.

"Umechukua muda," alisema.

"Ulijua?"

"Mambo ya pete sijui. Najua watoto." Alisogea, akapunguza sauti, na ndipo Mwamvita alipogundua kuwa sauti yake halisi ni ndogo. "Yule binti alikuwa akipata swali gumu anacheka peke yake. Wiki ya pili wakanichukulia, wakasema anaogopa. Niliandika barua mbili ofisini kwenu."

"Sikuziona."

"Walijibu. Walisema Mwalimu Mbilinyi ana kumbukumbu ya adhabu za viboko, kwa hiyo anatamani fimbo irudi." Alikohoa. "Na kweli nilichapa watoto, dada. Miaka kumi na tisa. Kwa hiyo nikisema neno, nani ataniamini?"

"Ndiyo maana unapiga kelele darasani."

"Ukuta ni wa mbao," alisema mzee, "na mimi sheria haijanikataza kuwa na sauti."

Mwamvita alimtazama na kuona ile suruali ya Tabora, na fimbo, ingawa mikono ya mzee ilikuwa mitupu. Hakumpenda. Alijikuta pia hawezi kumkatalia.

*

Luvanda alikuwa na chai mezani tayari. Mwamvita alisukuma kikombe pembeni.

"Mkuu, hisabati ilihamishiwa kipindi cha kwanza lini?"

"Ratiba hubadilika badilika..."

"Miaka minne iliyopita. Nimeiona ukutani. Na vioo vya mashariki?"

"Vilivunjwa na upepo."

"Lini?"

Mkuu alijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Mkaguzi, sikuvunja kioo hata kimoja. Ila sikuziba. Niliona tu kwamba hisabati ikiwa asubuhi wanasamehewa wengi. Sikujua kwa nini na sikuuliza. Wastani ukapanda, wilaya ikatupatia walimu wawili wa sayansi, bweni la wasichana likapata milango." Aliinama mbele. "Kabla ya hapo unajua walikuwa wanakwenda wapi? Mtoto akifeli hesabu mara mbili alikuwa anatoroka, anakwenda mjini kufua nguo za watu. Sasa hakuna anayetoroka. Nenda pale stadi uwaulize wangapi wanataka kurudi ubaoni. Ukiandika hiyo habari ya baridi, wote ishirini na watatu wanarudishwa Jumatatu. Wamekosa miaka miwili. Mtihani wa taifa ni mwakani. Utakuwa umewaokoa, au utakuwa umewatupa?"

Mwamvita alirudisha kishikwambi kwenye begi.

"Kuna njia," Luvanda aliendelea taratibu. "Huyo binti wa Tweve, mtengenezee bangili yake. Sema ilikuwa mbovu. Arudi mmoja. Wengine waache na amani yao. Nani atakuuliza?"

Kilichomtisha Mwamvita si uovu wa pendekezo lile. Ni kwamba lilikuwa la busara. Gaudensi asingetapika tena. Ezelina angerudi. Ofisi isingeaibika. Na yeye mwenyewe asingelazimika kuhesabu, shule kwa shule, Makete na Njombe na Mbeya na Lushoto, ni watoto wangapi aliowasamehe kwa mkono wake kwa kosa la kuzaliwa mahali penye baridi.

"Nipe jiko lako mpaka saa nane," alisema, akasimama.

*

Wasamehewa waliingia jikoni mmoja mmoja. Kila mmoja aliota moto mpaka pete ionyeshe vidole vimepata joto, kisha Mwamvita akamwekea mezani karatasi ya maswali matano. Gaudensi hakumaliza la kwanza. Mstari wake ulivuka nyekundu mikono ikiwa juu ya makaa, na jasho likamtoka puani. Mwamvita aliitoa karatasi haraka. "Basi, baba. Nenda kapande miche yako." Wengine watano walikuwa kama yeye. Hofu yao ilikuwa hofu.

Kumi na sita walibaki kijani. Baadhi yao walikosea maswali yote matano na walibaki kijani, wakaomba mengine.

Ezelina aliingia wa mwisho, akarudishiwa bangili na pete yake. Mwamvita alikuwa ameshajaza fomu yake nusu, kwa kuwa alilijua jibu. Vidole vilisoma nyuzi thelathini na tatu. Akaweka karatasi. Swali la kwanza lilikuwa la mtoto wa darasa la sita.

Thelathini na moja. Ezelina alishika penseli. Ishirini na nane. Hakuandika. Moto ulikuwa unawaka hatua moja kutoka kwake, uso wake unang'aa kwa joto, na vidole vikaendelea kupoa. Ishirini na tano. Kishikwambi kikatetemeka.

Mwamvita alidhani kimekosea. Alimgusa mkono. Ulikuwa wa barafu.

"Ezelina. Asubuhi ulikuwa unajumlisha witiri arobaini."

"Ile ilikuwa yangu, Madam."

"Na hii?"

"Hii inaniangalia." Aliirudisha penseli mezani. "Mimi ni mtu wa hofu. Imeandikwa kwenye cheti cha msamaha. Nikipata, itakuwa nilidanganya miaka miwili. Nikikosa, itakuwa walisema kweli. Sijui niandike nini."

Ndipo Mwamvita alipoelewa alichokuwa anakitazama. Mtoto huyu hakuwa na hofu siku aliyosamehewa. Sasa alikuwa nayo. Walimwambia, akaamini, ikaota. Kipimo kilikuwa sahihi kabisa, nyekundu ya halali, na kwa sheria msichana huyu alikuwa wa saba: asirudishwe. Bangili ilikuwa imetengeneza kile ilichokuja kukitafuta.

Aliisogeza fomu pembeni. Kisha akashika mkono wa Ezelina na kumvua bangili na pete katikati ya kipimo, kosa ambalo kwa mkaguzi lilikuwa la kufukuzwa kazi.

"Sasa haiandiki chochote. Niambie wewe."

"Naogopa, Madam."

"Nimesikia."

Msichana aliangalia mlango, akaangalia karatasi. "Na ninataka."

"Unataka nini?"

"Kurudi darasani. Naogopa na ninataka. Andika vyote viwili."

Mwamvita aliigeuza fomu. Ilikuwa na visanduku viwili, na kila kimoja kilimkataa mwenzake. Aliandika nyuma, kwa kalamu, maneno yale yale, na jina la aliyeyasema.

*

Nkungu alipiga simu saa kumi, dakika nane baada ya ripoti kumfikia.

"Dada Mwamvita, umeuliza watoto?"

"Ndiyo, bosi."

"Neno la mtoto si kipimo. Unajua ukisema pete inadanganywa na baridi, umezigusa shule ngapi?"

"Mia mbili na kumi. Nimeziorodhesha ukurasa wa nne."

Alisikia mlango ukifungwa upande wa pili. "Nani mwingine amepata hiyo ripoti?"

Mwamvita alitambua kuwa bosi hakushtuka kusikia habari ya baridi. Hakuuliza ni baridi gani, wala pete ina shida gani.

"Mlijua," alisema.

"Sikiliza. Tuna watoto elfu kadhaa ambao wametulia. Wametulia, dada! Wewe mwenyewe ulinisimulia kwa nini unaifanya kazi hii."

Hakuwahi kumsimulia mtu. Alifikiri haraka, na akakumbuka kwamba wakaguzi nao, mwaka wa mafunzo, walivaa bangili na kuulizwa maswali kuhusu utoto wao. Hakujibu lile la fimbo. Bangili ilijibu.

"Ripoti nimeipeleka wilayani," alisema, "na nakala kwa wazazi ishirini na watatu. Nimetaka kila mtoto aulizwe. Anayetaka kubaki, abaki. Anayetaka kurudi, arudi hata kama mstari ni mwekundu."

"Kesho alfajiri urudi Dodoma. Uje na vifaa vyote."

"Nitakuja."

*

Hakwenda alfajiri kama alivyoagizwa. Alisubiri kipindi cha hisabati, ambacho Luvanda, kwa uso usiosomeka, alikuwa amekihamishia saa nne, jua likiwa limeshatoka. Hakuna aliyejua kama Mkuu alifanya hivyo kwa toba au kwa kuwa ripoti ilishafika wilayani. Mwamvita hakumuuliza.

Mlango wa stadi ulifunguliwa. Walitoka kumi na mmoja. Kati ya wale kumi na sita wa kijani, sita walibaki ndani. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba kufuma anakupenda na hesabu haina cha kumpa. Gaudensi hakutoka. Mwamvita alipopita dirishani kijana alishusha macho, na Mwamvita akasema, "Kaa kwa amani, Gaudensi," na alimaanisha.

Ezelina alikuwa wa mwisho kati ya waliotoka. Alisimama kizingitini muda mrefu kiasi kwamba wenzake waligeuka kumtazama. Kisha akaenda kukaa dawati la pili.

Mbilinyi alifundisha kwa sauti yake ndogo. Milinganyo, yenye herufi mbili. Alikwenda haraka, kama alivyozoea, akifuta kwa kiwiko na kuandika juu ya vumbi. Kiganja cha Ezelina kilikuwa kimebana ukingo wa dawati. Mwamvita, nyuma ya darasa, aliona shingo ya msichana inavyokakamaa mstari baada ya mstari, na kishikwambi chake kilikuwa kimezimwa kwenye begi, tayari kwa safari. Huenda alikuwa karibu kukimbia. Huenda alikuwa karibu kucheka. Kwa nyuma havikutofautiana.

Mkono ukapanda.

"Mwalimu, hapo sijaelewa," Ezelina alisema. Sauti ilimpasuka katikati, akaikusanya. "Pale ulipohamisha ile nne. Naomba urudie."

Mzee alisimama na chaki hewani, akimtazama kama mtu aliyeamkiwa kwa jina lake na asiyemtarajia. Kisha akavuta koti lake, akafuta mistari yote mitatu, na kuanza upya kutoka juu, polepole.